Tochi ya Gesi Iliyozaliwa na Karabai

Pezi la mgongoni la mgebuka ni jepesi kiasi kwamba ukimwinua samaki aliyetoka majini asubuhi hiyo, pale mwaloni Kibirizi, na kumwelekeza jua linakochomoza, utaona mwanga ukipita katikati ya miiba yake. Mimi hutengeneza samaki wa chuma katika karakana ndogo iliyo nyuma ya nyumba yetu, Mwanga, hapa Kigoma, na kwa miaka miwili pezi hilo lilinishinda. Mwili wa samaki wangu ni bomba jembamba lililopondwa, miiba ni spoki za baiskeli, na utando ulio kati ya miiba ni bati lenye unene wa nusu milimita. Kila nilipojaribu kuviunga vitu hivyo kwa mashine ya umeme ya kuchomelea, bati lilitoboka kabla kijiti hakijaanza kuyeyuka sawasawa. Nilipopunguza umeme, kijiti kiliganda. Na mara chache nilipofanikiwa, palibaki donge la chuma lililolifanya pezi lionekane kama kidonda kilichopona vibaya.

Jibu lilikuwa hatua chache kutoka kwangu. Jirani yangu ni fundi baiskeli, na siku moja alikuwa akikwangua rangi ya fremu ya zamani ili aipake upya. Aliniita kwa sauti, akaniambia, "Msanii, njoo uone dhahabu." Mahali ambapo bomba la juu linaingia kwenye shingo ya fremu palikuwa na mstari mwembamba wa njano, wenye upana kama wa uzi wa kushonea, ukizunguka bomba zima bila kukatika. "Hiyo ni brasi, mdogo wangu," alisema. "Chuma hapo hakijayeyuka hata kidogo." Fremu ile ilikuwa imebeba magunia ya mkaa na madumu ya mawese kwa miaka mingi, na mstari ule haukuwa na ufa.

Tofauti ya msingi ni hii. Katika kuchomelea, vyuma viwili huyeyushwa pembezoni vikawa kitu kimoja, jambo linalohitaji joto la karibu nyuzi 1,500 za Selsiasi. Katika kulehemu kwa brasi, chuma hubaki kigumu. Kinachoyeyuka ni kijiti cha brasi chenye shaba takriban asilimia 60 na zinki asilimia 40, ambacho huwa majimaji karibu na nyuzi 900. Brasi hiyo ikishayeyuka hujivuta yenyewe ndani ya upenyo ulio kati ya vyuma viwili, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na ikipoa hushika kwa nguvu ambayo lehemu laini ya bati, ile ya mafundi redio, haiwezi kuifikia. Upenyo wenyewe unatakiwa uwe mdogo, kama unene wa karatasi. Kwa mtu anayetaka kuunganisha bati na spoki bila kuacha donge, hakuna njia ninayoiona kuwa bora kuliko hii.

Nilianza na jiko la mkaa na feni, kwa sababu ndicho nilichokuwa nacho. Joto lilipatikana, lakini lilikuwa joto la kila mahali: nilipounga pezi la saba, mapezi sita ya kwanza yalilegea na kuanguka ndani ya makaa. Gesi ya asetilini pamoja na oksijeni, inayotoa mwali wa zaidi ya nyuzi 3,000, ingeniletea tatizo lile lile la kutoboa bati, tena kwa gharama ya mitungi miwili ambayo mtu wa kipato changu hawezi kuijaza kila mara. Nilichohitaji ni mwali mdogo, unaoelekezwa kwa mkono, wenye joto la kutosha kulifikisha chuma jembamba kwenye nyuzi 900 na usiwe na pupa ya kupita hapo. Gesi ya kupikia ikichanganyika na hewa vizuri hutoa mwali unaokaribia nyuzi 1,900 na zaidi. Mtungi wa kilo 6 siku hizi uko karibu katika kila nyumba mtaani kwetu. Kilichokosekana ni tochi yenyewe.

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba yangu mdogo na karabai zake. Alivua dagaa kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, na enzi hizo, kabla taa za betri na za sola hazijaingia ziwani, mtumbwi ulikwenda usiku ukiwa na karabai zikining'inia juu ya maji ili mwanga uwavute samaki. Nilikwenda kumwamkia, naye baada ya kuitikia marahaba alinitolea karabai moja iliyokwisha kufa, yenye kutu kwenye tangi na isiyo na kioo. Tuliifungua pamoja, sehemu baada ya sehemu, juu ya mkeka, na sijawahi kupata somo la ufundi lililo wazi kama lile.

Ndani ya karabai, mafuta ya taa husukumwa na pampu hadi kwenye mrija wenye joto, ambako hugeuka mvuke. Mvuke huo hutoka kwa kasi kubwa kupitia tundu dogo sana la jeti, dogo kiasi kwamba huzibuliwa kwa sindano nyembamba kama unywele. Mbele ya jeti kuna nafasi iliyo wazi, kisha bomba. Mvuke unapopiga mbio kutoka kwenye jeti kuingia kwenye bomba, huikokota hewa iliyo pembeni na kuingia nayo, na humo ndani vitu viwili vinachanganyika kabla ya kufika kwenye kimfuko kinachong'aa. Hakuna feni wala kitu kingine kinachoisukuma hewa, kwani kasi ya mvuke ndiyo inayoivuta. Baba mdogo alilieleza jambo hilo kwa maneno ambayo tangu siku ile ndiyo ninayofanyia kazi: "Karabai ikipiga chafya usikimbilie pampu, mwanangu. Tazama kwanza hewa inaingiaje."

Kanuni hiyo ina historia ndefu. Mwitalia Giovanni Battista Venturi, aliyeishi kati ya mwaka 1746 na 1822, alichunguza namna mbio za maji zinavyobadilika ndani ya bomba linalobanwa, na jina lake limebaki kwenye mabomba ya aina hiyo. Katika maabara ya Robert Bunsen huko Heidelberg, miaka ya 1850, kichomeo cha gesi kinachovuta hewa kupitia matundu ya pembeni kiliundwa, na ndicho kile kile ambacho wanafunzi wa sayansi hukikuta mezani shuleni. Huku kwetu, upande wa kusini-mashariki wa Ziwa Tanganyika hili hili, Wafipa walijenga matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu, yakavuta hewa yenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini, bila mivuo, hadi mawe ya chuma yakageuka chuma. Sababu ya mvuto ni tofauti, kwa kuwa katika malungu ni hewa ya moto inayopanda. Lakini aliyeyajenga alijua kwamba moto mkali huanzia mahali hewa inapoingilia.

Tarakimu zinathibitisha maneno ya baba mdogo. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Ujazo mmoja wa propani unahitaji karibu ujazo 24 wa hewa ili uungue wote, na ujazo mmoja wa butani unahitaji karibu 31. Kwa hiyo kinachopita ndani ya tochi ya gesi, kwa sehemu kubwa kabisa, si gesi. Makosa yangu yote ya mwanzo yalitokana na kuifikiria gesi kwanza na kuiachia hewa nafasi iliyobaki.

Sasa niieleze tochi yenyewe. Bomba la kuchanganyia ni bomba la chuma la nusu inchi, ambalo uwazi wake wa ndani ni karibu milimita 16, nami nimelikata kwa urefu wa milimita 150, yaani kama mara tisa ya uwazi huo. Bomba fupi zaidi halichanganyi vizuri, na refu zaidi linaichosha kasi ya gesi. Upande wa nyuma nilitoboa matundu manne ya hewa, kila moja milimita 10, yakipangana kuzunguka bomba. Ukipiga hesabu utaona kwamba eneo la matundu hayo manne ni karibu milimita za mraba 314, na eneo la uwazi wa bomba ni karibu 200. Hivyo ndivyo inavyopasa, milango ya hewa iwe mikubwa kuliko njia yenyewe. Kingo za ndani za matundu nilizilainisha kwa tupa ya mviringo na msasa hadi kidole kikawa hakikwami popote. Kazi hiyo ilinichukua jioni mbili na sijutii, kwa sababu hewa inayokwaruzwa kwenye kingo kali huingia ikiwa imevurugika.

Jeti ilinisumbua zaidi ya kitu chochote. Nilijaribu ile ya karabai, lakini tundu lake ni dogo mno kwa kazi hii, na mwali uliotoka ulitosha kuwashia jiko tu. Nilijaribu kutoboa boliti ya brasi mwenyewe, nikavunja biti tatu nyembamba, na tundu lililopatikana lilikwenda upande. Mwishowe nilitumia tipu ya shaba ya mashine ya kuchomelea ya waya, ile inayoongoza waya wa milimita 0.6, ambayo tundu lake halisi linakaribia milimita 0.8 ili waya upite bila kukwama. Ni kitu cha bei ndogo, kimetobolewa kiwandani kwa unyoofu ambao mkono wangu hauwezi kuupata, na nyuma kina nyuzi za milimita 6. Fundi wa mashine ya kukereza anayetengeneza vipuri vya injini za boti alinikerezea kipande cha brasi chenye nyuzi za ndani za kuipokea tipu hiyo na chenye shingo ya kuvalia mpira wa gesi upande wa pili.

Kipande hicho hakikufungwa moja kwa moja. Kinateleza ndani ya kizibo cha nyuma na kukazwa kwa skrubu tatu zilizopangwa kama mafiga, na skrubu hizo zina kazi mbili: kukiweka mbele au nyuma, na kukiweka katikati. Jeti isipolenga katikati ya bomba, gesi hulamba ukuta mmoja, mwali ukaegemea upande na kuwa na ulimi wa njano. Kuipima nilitumia maji. Nilipitisha maji kwenye jeti kwa bomba la sindano, nikatazama mchirizi wake ukitoka upande wa mbele, na nikakaza na kulegeza skrubu hadi mchirizi ukapita bila kugusa chuma mahali popote. Kisha nikaikausha kabisa kabla ya kuunga gesi.

Mbele ya bomba la kuchanganyia kuna mdomo, kipande cha bomba la robo tatu inchi kilichovalishwa juu ya la nusu inchi na kujitokeza mbele kwa milimita 35. Mabomba hayo mawili yanaingiana kwa shida, na nililipiga tupa la ndani kidogo hadi likapita. Watu wengi hudhani mdomo ni pambo. Kazi yake ni kuipunguzia kasi mchanganyiko unapotoka, kwa kuwa njia inapanuka ghafla kutoka milimita 16 hadi karibu 21, na kwenye ngazi hiyo ndogo moto hupata pa kushikia. Bila mdomo, mwali wangu ulikuwa ukiruka mbele, ukisimama hewani sentimita mbili kutoka kwenye bomba, kisha ukijizima, na gesi ikaendelea kutoka bila moto. Hiyo ni hali ya hatari, na dawa yake ni kufunga koki mara moja, kusubiri hewa isafike, na kuanza upya.

Kuhusu mtungi, naomba msomaji anisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo nimewaona mafundi wazuri wakifanya mambo ya kuogofya. Mitungi midogo mingi hufungwa kichomeo cha jikoni moja kwa moja, na mtu akiona hivyo hufikiri kwamba anaweza kufunga mpira moja kwa moja pia. Usifanye hivyo. Ndani ya mtungi, katika joto la mchana wa kwetu, mna shinikizo la baa kadhaa (baa ni kipimo cha shinikizo, na milibaa ni sehemu yake ya elfu), na mpira wa kawaida ukichomoka hutakuwa na muda wa kufikiri. Regulata ya jikoni nayo hutoa takriban milibaa 30 tu, ambazo hazitoshi kuipa gesi mbio za kuvuta hewa. Kinachofaa ni regulata ya shinikizo kubwa yenye mkono wa kurekebisha, kama zile zinazotumika kwenye majiko ya migahawa, na mpira uliotengenezwa kwa ajili ya gesi, uliobanwa kwa klipu za chuma pande zote mbili. Tochi yangu hufanya kazi vizuri kati ya nusu baa na baa moja. Kabla ya kila kazi hupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo na kutazama kama linavimba. Kutafuta uvujaji kwa kiberiti ni jambo lisilostahili hata kujadiliwa. Mtungi husimama wima daima, kwa sababu ukiulaza yatatoka majimaji badala ya mvuke, na lita moja ya majimaji hayo huwa zaidi ya lita 200 za gesi. Nao husimama mahali pa wazi, juu ya ardhi tambarare, kamwe si karibu na shimo au mtaro, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini kama maji.

Siku ya kwanza niliyowasha kwa ukamilifu mwali ulikuwa wa njano na mrefu, ukiacha masizi kwenye kila kilichoguswa. Mkono wangu ulikwenda kwenye regulata, kisha nikakumbuka chafya ya karabai. Niliirudisha jeti nyuma milimita tatu, nikaiacha pete ya kuzuia hewa, ile inayofunika matundu ya nyuma, wazi kabisa, na njano ikajikusanya, ikageuka samawati, na katikati yake likatokea umbo dogo kama pia ya kuchezea, lenye rangi ya samawati iliyoiva na ncha kali. Sauti nayo ilibadilika kutoka mvumo mlegevu hadi ngurumo moja isiyotetereka. Kisha nilipunguza shinikizo mno, nikataka kuona mpaka wake, na moto ukarudi ndani ya bomba kwa mshindo mdogo, ukawa unaunguruma nyuma ya mdomo karibu na jeti. Nilifunga gesi na kuiacha tochi ipoe. Mwali hurudi nyuma mchanganyiko unapokwenda polepole kuliko moto wenyewe unavyosafiri, na ukiuacha humo utaharibu jeti na kuunguza mpira.

Kosa kubwa kuliko yote nililifanya kwenye mdomo wa kwanza. Nililikata kutoka bomba la maji lililopakwa zinki, kwa kuwa ndilo lililokuwapo, nami nilijua vizuri kwamba zinki haifai kuchomwa. Nilijiambia tu kwamba ni kipande kidogo. Mdomo ulipowiva ukatoa moshi mweupe na unga mweupe ukatanda pembezoni. Nilifanya kazi nusu saa. Usiku ule kinywa kilikuwa na utamu wa chuma, kifua kilibana, na nikatetemeka kwa homa kiasi kwamba mke wangu alidhani ni malaria. Kipimo hakikuonyesha malaria, na kufikia kesho yake jioni homa ilikuwa imeondoka. Ni homa inayojulikana kwa watu wanaochoma zinki, nayo huja saa kadhaa baada ya kuvuta moshi. Wapo wanaokunywa maziwa kwa imani kwamba yanasafisha kifua; maziwa huenda tumboni, na moshi ulikwenda mapafuni. Mdomo wa sasa umetoka kwenye mguu wa kitanda cha zamani cha chuma cheusi, nilichokikwangua rangi yote. Spoki pia nazikwangua kwa msasa hadi ing'ae chuma tupu, kwa sababu nyingi hupakwa zinki.

Meko ni nusu ya tochi, na hili sikulijua mpaka nilipomaliza gesi nyingi bure. Ukiunguza chuma kikiwa kimekaa juu ya meza ya chuma, meza inakula joto. Ukikishika hewani, upepo unakula joto. Nilipanga matofali ya kuchoma yaliyokauka kabisa yakafanya pembe ya kuta mbili na sakafu, na ghafla chuma kilichokuwa kikibaki chekundu hafifu kikafika rangi ya machungwa, kwa shinikizo lile lile. Yawe makavu kweli. Jiwe la mtoni au kipande cha zege chenye unyevu hupasuka kikipata moto wa ghafla, na vipande vyake hutafuta macho. Miwani sivui, na kazi hii huifanya asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaamka na kuanza kuingia kwenye matundu ya hewa. Huifanya chini ya paa lililo wazi pande zote, kwa kuwa kwenye jua kali huwezi kuona chuma kimefikia rangi gani.

Vijiti vilinigharimu mwezi mzima. Duka moja liliniuzia vijiti vya mafundi friji na kunihakikishia kwamba vinafaa kwa chuma. Vilikuwa vya shaba yenye fosforasi, ambavyo ni bora kwa kuunga shaba na shaba, tena bila dawa yoyote ya kusafishia kiungo. Lakini kwenye chuma fosforasi hufanya utando unaovunjika kama biskuti. Mapezi kumi na mawili niliyoyaunga kwa vijiti hivyo yalionekana mazuri, na nikiwa napiga msasa wa mwisho yalianza kudondoka moja baada ya jingine. Inaniuma hadi leo, kwa sababu muuzaji aliulizwa swali la moja kwa moja. Kwa chuma tafuta kijiti cha brasi, cha njano, na dawa yake ni boraksi, ambayo masonara wanaitumia kila siku na ndiko nilikoipata yangu.

Pezi lililofaulu kwanza nililiunga hivi. Nilisafisha mgongo wa bomba na mizizi ya spoki kwa msasa, kisha sikuvigusa tena kwa vidole, kwani mafuta ya ngozi hufukuza brasi. Nilifunga kila kitu kwa waya mwembamba wa kufungia nondo, nikapaka boraksi iliyokorogwa na maji kidogo ikawa kama uji, na nikaanza kuzungusha mwali kwa mbali. Boraksi ilivimba ikawa povu jeupe, kama maziwa yanayotaka kumwagika, kwa sababu maji yaliyo ndani yake yanatoka. Hapo mtu asiye na subira husukumwa na povu na kuvihamisha vipande vyake. Kisha povu lilizama, na kwenye nyuzi mia saba na kitu likawa kioo chepesi kilichotanda juu ya chuma, nacho ndicho kinachozuia hewa isikipake kutu ya moto. Chini ya kioo hicho chuma kilipita wekundu wa damu ya mzee, wekundu wa nyanya, kikaanza kuelekea machungwa. Ncha ya pia la samawati niliiweka karibu na bomba, lililo nene, na bati nililiachia ukingo wa mwali tu, ili vyote viwili vifike pamoja.

Nilipogusa kijiti kwenye kiungo, upande wa pili wa mwali, hakikuyeyuka. Nilihesabu hadi tano nikagusa tena, na safari hii ncha yake ilipotea. Mstari wa njano ulikimbia kutoka spoki ya kwanza hadi ya nne kwa muda mfupi kuliko ninavyoweza kusema, ukifuata joto, ukiingia mahali ambapo kijiti chenyewe hakikufika. Niliusogeza mwali na brasi ikaufuata. Kijiti ni lazima kiyeyushwe na chuma, si na mwali. Ukikiyeyusha kwa mwali, matone yataanguka juu ya chuma ambacho hakijaiva na kubaki kama shanga. Na ukiona moshi mweupe ukitoka kwenye brasi yenyewe, umezidisha, kwa kuwa zinki huchemka kwenye nyuzi 907, juu kidogo tu ya pale kijiti kinapoyeyuka. Ondoa mwali, na uondoe pua yako.

Niliacha pezi lipoe lenyewe. Boraksi iliyobaki ilikuwa ngumu kama kioo cha chupa, na ilihitaji kulowekwa kwenye maji ya moto mara mbili na kusuguliwa kwa brashi ya waya. Kisha nikalishika samaki mkiani, nikalipiga pezi kwa ukucha, nalo likalia mlio mmoja mrefu na bomba, sauti ya kitu kimoja.

Tangu hapo nimeunga samaki ishirini na watatu, na tochi imenifundisha tabia zake. Nikifanya kazi mfululizo kwa zaidi ya nusu saa, mtungi wa kilo 6 unapoa, unatoka jasho na hata kushika ubaridi wa barafu sehemu ya chini, kwa sababu majimaji yanayogeuka mvuke hulichukua joto la mtungi. Shinikizo hushuka na mwali hudhoofika hata kama gesi bado ipo. Hupumzika basi, nikakata bati la samaki anayefuata. Wapo wanaouwekea mtungi moto ili kuufufua, na nasema kwa uwazi kwamba huko ni kucheza na uhai wa familia nzima. Beseni la maji ya kawaida ya bombani linatosha. Mtungi wa tochi na wa jikoni ni miwili tofauti, na huo ulikuwa uamuzi wa mke wangu baada ya chakula cha watoto kukatika gesi kikiwa motoni.

Mdomo wa mguu wa kitanda umeanza kumenyeka magamba kwa ndani, kama nilivyotarajia kwa chuma cha kawaida kinachoiva na kupoa kila siku. Nimepata kipande cha bomba la chuma kisichoshika kutu, chenye kipenyo kile kile, na kesho fundi wa kukereza atanipanulia mdomo wake kidogo. Baba mdogo ameomba aje aone ukiwashwa, naye ndiye atakayeirudisha jeti mbele au nyuma hadi sauti itulie.